Gramu Mia Nne

Kwa mwaka mmoja na wiki tatu sikumpa shemeji yangu salamu. Tukikutana njiani nilivuka barabara, na kama upande wa pili ulikuwa na tope, nililikanyaga tope. Nasema hili mapema kwa sababu watu wakiisimulia habari yangu hunifanya mjane mnyonge aliyekaa kimya akilia. Sikuwa mnyonge na sikukaa kimya. Nilikuwa na mdomo, na niliutumia.

Mimi ni fundi wa mahema. Karakana yangu ni chumba kimoja kirefu chenye cherehani mbili, meza ya kukatia ambayo mtu mzima anaweza kujinyoosha juu yake bila kukunja miguu, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Sishoni mahema ya sherehe wala ya kuuzia mboga. Nashona mahema mepesi ya wawindaji wa milimani, wale wanaopanda kwa miguu siku mbili au tatu kumfuata mbuzi mwitu mahali ambapo gari halifiki na punda anagoma. Watu hao wana ugonjwa mmoja, nao ni uzito. Mtu atakata mpini wa mswaki apunguze gramu nne. Atafumua mifuko ya suruali. Na huyo huyo ukimtazama vizuri ana kitambi cha kilo nane ambacho hakijawahi kumkosesha usingizi.

Mume wangu ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Wenzake walimwita Gramu, na jina likamganda mpaka wengine wakasahau alilopewa na wazazi wake. Alijua uzito wa kijiko chake, wa soksi zake zikiwa kavu na zikiwa mbichi, wa kiberiti chenye njiti ishirini. Hata pete yake ya ndoa aliwahi kuiweka kwenye mizani. Nilimwambia akithubutu kuiacha nyumbani asirudi kuifuata, akaivaa haraka huku akicheka.

Nina desturi moja kazini. Kila hema nikilimaliza nalipima pamoja na kamba zake na vigingi vyake, kisha naandika uzito kwa wino usiofutika kwenye kipande cha kitambaa cheupe kisichozidi kidole gumba, na kukishona kwenye pembe ya chini karibu na mlango. Wenye maduka makubwa huandika uzito wa kitambaa peke yake, halafu mnunuzi anagundua kamba na vigingi akiwa tayari kwenye mteremko anahema. Mimi naandika kila kitu. Ndiyo maana wawindaji waliacha kabisa kuyapima mahema yangu. Walisoma kile kitambaa, wakaridhika, wakaondoka.

Miaka miwili kabla ya safari ninayoisimulia, mume wangu alipasuliwa goti la kulia. Daktari wa mifupa alimwambia kupanda mlima anaweza, ila mzigo wa mgongoni, ukiacha bunduki, usizidi kilo kumi na mbili. Yeye alisikia ile sehemu ya kwanza tu. Mimi nilisikia ya pili, na siku hiyo hiyo nilimkalia kooni jikoni mpaka akaapa. Kilo kumi na mbili, nikamwambia, na ikizidi hata gramu moja, goti likikufia huko juu, usitegemee machozi yangu. Aliapa akiwa ameshika sufuria. Mume wangu alikuwa na kasoro nyingi, alikoroma na alikuwa hajui kufunga mlango wa kabati, lakini neno aliloapa alikuwa halivunji.

Alizoea kwenda na mdogo wake, huyo shemeji yangu, fundi wa pikipiki, mtu mrefu mwenye mikono isiyotakata hata akioga. Kwa miaka kumi na minne waliwinda wawili, wakalala kwenye hema moja, wakagawana mzigo. Mwaka ule mke wa shemeji alijifungua mapacha wiki mbili kabla ya msimu. Mtu hawezi kumwachia mkewe watoto wawili wachanga akaenda kufukuza mbuzi, na shemeji alilijua hilo bila kuambiwa. Basi mume wangu akaamua kwenda peke yake, siku tano, na hapo ndipo tulipoanza kubishana kuhusu hema.

Tulibishana siku kumi na tatu. Hema lao la zamani la watu wawili, lenye kuta mbili na sakafu, lilikuwa kilo mbili na nusu, na kwa mtu mmoja lilikuwa zito mno. Yeye akaleta wazo la ule mfuko usiopitisha maji ambao mtu anajiingiza na mfuko wake wa kulalia humo humo. Gramu mia tano tu, alisema, huku macho yanamng'aa. Nilimuuliza atakaa wapi kubadili soksi, atapikia wapi mvua ikinyesha, na kama anajua kwamba mtu hulowa mle ndani kwa pumzi zake mwenyewe. Nikamwambia lile ni jeneza lenye zipu. Nilisema kwa utani, na sasa natamani ningekuwa sikulisema.

Tukalifikiria turubai tambarare la kufunga kwa kamba, jepesi kweli, ila upepo hupita upande huu ukatokea upande ule. Mwisho tukakubaliana juu ya hema la nguzo moja: pembe nne, ukuta mmoja, bila sakafu, likisimamishwa kwa zile fimbo zake mbili za kutembelea zilizofungwa pamoja. Mle mtu anaweza kukaa kitako, kuwasha jiko dogo, kuweka nyama pembeni ikakaa kavu. Tatizo likabaki kwenye kushona. Yeye alitaka kitambaa chembamba kuliko vyote, vitanzi vinne tu vya kufungia, na chini kuishie hivyo hivyo. Hilo lingekuwa gramu mia tisa. Mimi nilitaka kitambaa kinene kidogo, vitanzi kumi na viwili, kileleni na pembeni nirudufu kitambaa mara mbili, na chini kuzunguke ukingo wa kulalia ardhini ili upepo na theluji visipenye. Nilishajua kwa hesabu ya kichwa kwamba hilo litafika elfu moja na mia tatu.

"Mia tisa," alisema, "au naenda na mwavuli."

Nikamwambia sawa, mia tisa, kwa sauti tamu ambayo angeijua kama angekuwa hana haraka.

Nilimshonea la elfu moja na mia tatu. Nilimwaza yuko juu kule ambako miti imeisha, peke yake, upepo unaisukuma ile karatasi ya mia tisa, na mikono yangu ikakataa kuikata nailoni nyembamba. Nilirudufu kila pembe. Vitanzi vyote kumi na viwili nilivipitisha uzi mara nne. Nilipomaliza nikalipima, nikaona ile namba, nikachukua kitambaa cheupe, nikaandika 900. Nilikuwa nimefanya kazi hii miaka ishirini na mmoja, na huo ulikuwa uongo wa kwanza niliowahi kuushona. Kisha nikatoa betri kwenye mizani ya karakana nikazitia mfukoni, na alipokuja kuiazima nikamwambia zimekwisha.

Nilimpa asubuhi ya kuondoka, likiwa limeshakunjwa na kuingizwa kwenye mfuko wake. Alilishika kiganjani, akalipandisha na kulishusha kidogo kama afanyavyo mtu sokoni na nanasi.

"Zito kidogo mkononi," alisema.

"Mkono umezeeka," nikamjibu.

Alicheka, akanibusu kwenye paji la uso, akaenda kwa mdogo wake ambaye ndiye angempeleka kwa gari hadi chini ya mlima. Nilibaki mlangoni nikijipongeza. Nasema kweli, nilijipongeza.

Siku ya nne hali ya hewa ikageuka. Mvua ikawa theluji, theluji ikaja na upepo, na mambo hayo yakadumu siku mbili nzima. Siku ya sita shemeji alikwenda kumchukua akasubiri pale chini mpaka jua likazama. Waokoaji walifika juu siku ya saba. Mkuu wao alikuja mwenyewe kuniambia, kofia mkononi, na sikumbuki maneno yake mengi isipokuwa haya.

"Mama, hema lilikuwa bado limesimama. Hakuna hata kitanzi kimoja kilichong'oka. Tulimkuta mkavu."

Baridi ndiyo iliyomuua. Daktari wa hospitali alinieleza kwamba mfuko wake wa kulalia ulikuwa wa hali ya hewa ya kawaida, na alivaa fulana mbili na koti la mvua basi. Angekuwa na koti zito la ndani, alisema, labda. Daktari alisema labda, lakini mimi niliisikia kama ndiyo. Nilimwambia koti zito analo. Akanitazama kwa huruma, akasema halikuwepo kwenye vitu vilivyoletwa.

Nilitoka nje kutafuta hewa, na pale maegeshoni, kwenye kiti cha nyuma cha gari la shemeji, nikaliona. Koti la kijani la manyoya ya bata, lenye kiraka cha rangi ya chungwa kwenye mkono wa kushoto. Kiraka nilikishona mimi kutoka kwenye mabaki ya hema, mwaka alipoegemea jiko la gesi. Shemeji alikuwa amesimama kando ya gari pamoja na mkewe. Nilimuuliza koti la mume wangu linafanya nini humo. Aliniangalia, akaangalia mlango wa hospitali, akaniangalia tena.

"Nilimwambia aliache," alisema. "Nilimwambia hakutakuwa na baridi."

Nilimzaba kofi mbele ya mkewe. Hakuinua mkono hata kujikinga. Nikalichukua koti, nikaondoka nalo, na kuanzia hapo nikamfuta.

Kila aliyekuja kunipa pole nilimpa na hiyo habari, kwamba mume wangu ameuawa na ushauri wa mdogo wake. Niliwaambia ndugu wa pande zote mbili. Niliwaambia wateja. Wengine wakaanza kupeleka pikipiki zao kwa mafundi wengine, na sikusikitika hata chembe. Binti yetu, mwenye miaka kumi na sita, alikuwa anashinda kwa baba yake mdogo akijifunza kufungua injini. Nikamkataza. Wale mapacha sikuwahi kuwaona. Siku moja binti aliniambia, tena kwa upole, kwamba baba alikuwa hasikii la mtu kuhusu begi lake, sasa baba mdogo alimwambiaje mpaka akasikia? Nikamwambia anyamaze amalize chakula chake.

Kitu kimoja tu kilinishikilia mwaka mzima, nacho ni yale maneno ya mkuu wa waokoaji. Hema lilikuwa bado limesimama. Nilikuwa nikikaa kwenye cherehani nikishindwa kuona mbele kwa machozi, najirudia hayo maneno, napata nguvu ya kukanyaga tena. Wengine walikuwa wamemwangusha, mimi sikumwangusha. Hema lenyewe waliniletea, nikaliweka rafu ya juu kabisa kwenye mfuko wake bila kulifungua. Koti nililitundika nyuma ya mlango wa karakana.

Basi alasiri moja, msimu mwingine ukiwa umeshaanza, nilikuwa naziba mishono kwa gundi nikasikia mtu anasimama mlangoni bila kuingia. Nilijua ni nani kabla ya kuinua kichwa, maana nilisikia harufu ya mafuta ya injini. Alikuwa amekonda. Nywele za upande mmoja zilikuwa zimeingia mvi.

"Shemeji," alisema.

"Karibu, mteja," nikamjibu, nikaendelea na gundi yangu.

Akaingia. Alieleza akitazama sakafu kwamba kibali cha kuwinda kimetoka, kile cha bonde la ng'ambo ambacho yeye na kaka yake walikiomba miaka sita mfululizo bila kukipata. Kimetoka kikiwa na majina yote mawili. Alikuwa hataki kwenda, mkewe ndiye aliyemwambia aende mara moja amalize, maana nyumbani hali chakula wala hazungumzi. Anahitaji hema.

Nikamhoji kama ninavyomhoji mtu yeyote. Siku ngapi? Tano. Juu ya pale miti inapoishia au chini yake? Juu. Peke yako? Aliitikia kwa kichwa. Unatembea na fimbo mbili au moja? Mbili. Nikamtajia aina zangu kwa sauti ya kusoma orodha: lenye sakafu, la kuta mbili, la nguzo moja. Nikamwambia kama anataka kuepuka mahangaiko yote haya, madukani yapo mengi, si lazima anunue kwangu.

"Sijawahi kulala mlimani chini ya kitu ambacho hukukishona wewe," alisema. Kisha akanyoosha kidole kuelekea rafu ya juu. "Naomba lile."

Damu ilinipanda kichwani. Nilimwambia lile halitoki humu, labda nitoke nalo mimi nikizikwa. Nilimwambia ana uso mkavu kuja kuniomba kitu hicho, yeye, kati ya watu wote. Alisimama akaipokea mvua yote ya maneno bila kusogea. Nilipochoka akasema tu kwamba analitaka kwa sababu lilisimama.

Nikavuta pumzi. Kazi ni kazi, nikajiambia. Nikavuta karatasi na penseli.

"Nitakushonea jingine kama lile," nikasema. "Umbo lile lile. Gramu mia tisa."

"Lile si mia tisa, shemeji," alisema. "Lile ni elfu moja na mia tatu."

Alisema kama mtu anayesahihisha saa, bila kufikiri. Kisha nikaona uso wake unabadilika. Akaanza kusema kwamba labda amekosea, kwamba alikuwa anafikiria hema jingine, kwamba ngoja aende atarudi kesho. Alikuwa ameshageuka kuelekea mlangoni. Nilimwambia asipofunga mlango na kukaa kwenye kile kigoda nitapiga kelele mtaa mzima ujae.

Akakaa. Nikamuuliza amejuaje uzito wa hema ambalo alilipima mtu mmoja tu duniani.

Alisugua mikono yake. Halafu akaniambia, na nikamwacha aseme bila kumkatiza, jambo ambalo nadhani sijawahi kumfanyia mtu.

Asubuhi ile mume wangu alifika kwake na begi. Kwa kuwa mizani yangu ilikuwa haina betri, akaomba ile mizani ya ndoano ambayo shemeji anapimia injini. Wakalitundika begi. Ikasoma kilo kumi na mbili na gramu mia nne. Mume wangu akasema haiwezekani, akatoa kila kitu, akapima kimoja kimoja, na kila kitu kilikuwa na uzito wake anaoujua kwa kichwa, mpaka akafika kwenye hema.

"Alilipima mara tatu," shemeji alisema. "Kisha akakaa juu ya ndoo, akalifungua, akaanza kupitisha vidole kwenye mishono. Pembe zote. Vitanzi vyote akavihesabu. Halafu akacheka, shemeji. Alicheka mpaka akafuta macho. Akasema, huyu mwanamke amenitazama usoni na kuniibia gramu mia nne."

Nilishika ukingo wa meza.

"Nikamwambia mkasi huu hapa, tukate vitanzi vinane na ule ukingo wa chini, tumemaliza. Akanikatalia. Akasema mshono wako hawezi kuukata. Nikamwambia basi beba hivyo hivyo, kumi na mbili na mia nne, nani atajua? Akasema, 'Nilimwapia.'"

Shemeji aligeuka kulitazama koti nyuma ya mlango.

"Ndiyo akatoa koti. Lilikuwa mia nne na kidogo. Akasema msimu bado una joto. Akaniambia nisikwambie kama amejua, maana alitaka akirudi akukamate mwenyewe. Alikuwa ameshapanga mpaka maneno ya kukutania."

Lile neno lililonibeba mwaka mzima, kwamba hema lilikuwa bado limesimama, liligeuka ndani yangu. Lilisimama kwa kitambaa nilichokiongeza, na kila gramu niliyoiongeza juu yake niliivua mwilini mwake. Alikaa mle ndani mkavu, akitetemeka, amezungukwa na mapenzi yangu yote. Kiapo alichoniapia alikiheshimu, na uongo nilioushona akauheshimu vile vile. Kama ningeandika namba ya kweli kwenye kile kitambaa, tungegombana siku ya kumi na nne na ya kumi na tano, angeacha darubini au angeacha safari, na leo angekuwa anaacha mlango wa kabati wazi. Nililia kwa sauti, mbele ya yule mtu niliyemfuta, na sikuona haya.

Kisha nikamuuliza kwa nini pale hospitalini alisema ni yeye.

"Uliniuliza kaka akiwa bado amelazwa mle ndani," alisema. "Ningekwambiaje?"

"Badala yake nimekuua kwa maneno yangu mwaka mzima."

"Ulikuwa na haki ya kumchukia mtu," alisema. "Nikaona bora mimi."

Nilikwenda pale alipokaa nikapiga magoti kwenye vipande vya nailoni, nikamshika uso, ule upande niliompiga. Nikamwomba msamaha. Alikuwa analia kimya kimya, akasema yamekwisha, shemeji, inuka utachafua sketi. Nikamwambia hayajaisha na hayataisha, ila yeye nimemtua mzigo. Nilimwambia kwamba kila niliyemwambia uongo huu nitakwenda kumwambia ukweli, mmoja mmoja, kuanzia kwa mkewe. Akasema si lazima. Nikamwambia anyamaze. Hapo ndipo alipotabasamu kidogo, kwa kuwa hiyo sauti aliifahamu.

Nikamwinua, nikapanda kwenye kigoda nikalishusha hema. Nilipolitoa kwenye mfuko, udongo mkavu ulimwagika mezani, udongo wa huko juu, pamoja na jani moja jembamba. Sikuufuta. Nilichukua wembe wa kufumulia nikakitoa kile kitambaa cheupe chenye 900 nikakitia mfukoni mwa aproni. Nikaiwasha mizani na kuliweka hema juu yake mbele ya macho yake. Elfu moja na mia tatu na kumi. Kisha nikaenda nyuma ya mlango nikalitungua koti la kijani, nikalikunja, nikaliweka juu ya hema. Elfu moja na mia saba na thelathini.

Shemeji aliniambia koti analo lake.

"Hili si koti," nikamwambia. "Hili ni sehemu ya hema."

Nikakata kitambaa kingine cheupe. Ile saba ikatoka imepinda, lakini nikaandika namba yote kama mizani ilivyosoma na kuishona kwenye pembe, karibu na mlango. Nikakunja hema nikiwa nimelizungushia koti, nikaviingiza pamoja kwenye mfuko mkubwa, nikafunga kamba. Nikamwambia akirudi aje moja kwa moja hapa kabla ya kwenda popote, na kesho asubuhi amlete mkewe na wale mapacha. Binti, nikasema, atakuja kwake Jumamosi kwenye injini zake.

Alipokea mfuko kwa mikono miwili, akauhamishia kiganjani, akaupandisha na kuushusha kidogo. Alikuwa hajui. Nilikuwa sijawahi kumsimulia mtu.

"Zito kidogo mkononi," alisema.

Nilimfungulia mlango.

"Ni zito, shemeji," nikamwambia. "Libebe hivyo hivyo."